Miti ya mahame ina wenyewe

Walionikosa hewani juma lililopita, na hasa wale walioniandikia kuuliza kama nimehamishwa kituo, naomba radhi. Sikuhamishwa. Nilikuwa nimelala chali kwa shangazi yangu wilayani Muheza, mikono imepakwa majivu mpaka viwikoni, kwa sababu nilikuwa nimeshika upupu. Mtu wa mjini hautambui upupu mpaka upupu umtambue yeye. Maganda yake yana manyoya laini kama ya paka. Unapita na panga lako, upepo unavuma kidogo tu, na baada ya dakika tano unatafuta gogo la kujikunia.

Nilikwenda kufyeka mahame. Vijana wengi wa siku hizi hawalijui neno hilo, kwa hiyo nilieleze. Mahame ni mahali walipokaa watu wakahama. Nyumba imeanguka na njia imeziba, lakini mahali penyewe bado pana wenyewe, na ukiuliza vizuri utaambiwa ni kwa fulani bin fulani.

Mahame yetu ni ya babu mzaa baba. Alijenga huko nyumba ya shamba ya miti na udongo, akaiezeka mabati kwa fedha za machungwa, jambo la fahari kwa wakati ule. Novemba 1973 Mwalimu Nyerere alitangaza kwamba kuishi vijijini sasa ni amri, na kwamba kazi hiyo iwe imekwisha ifikapo mwisho wa mwaka 1976. Kwetu zamu ilifika 1974. Babu akashusha mabati yake, akayabeba hadi kijiji kipya kando ya barabara, na kuta akaziachia mvua. Mimi sikuwa nimezaliwa. Naambiwa aliendelea kuyafuata machungwa yake kwa miguu miaka kadhaa, kisha miguu ikachoka, akafariki, na msitu ukachukua nafasi yake.

Kaka yangu ni mtu wa haraka. Alikuwa na mpango uliokamilika: tufyeke Julai, majani yakauke, Agosti tutie kiberiti, na mvua za vuli zitukute tunapanda mahindi. Kulikuwa na mwembe mmoja mkubwa unaoonekana kwa mbali juu ya kichaka, na huo alikwisha kumpatia mnunuzi, mchoma matofali aliyekuwa tayari kutoa shilingi laki mbili apate kuni za tanuri lake. Hesabu za kaka zilikuwa safi. Kasoro yake ilikuwa moja, nayo ni kwamba katika sisi wote tulioshika mapanga siku ile hakuna hata mmoja aliyewahi kuishi pale.

Aliyewahi kuishi pale ni shangazi. Umri wake unakaribia miaka themanini, anatembea kwa mkongojo, na tulikuwa tumemwacha nyumbani atupikie. Asubuhi ya pili alitukuta mlangoni tunanoa, akasema, "Wanangu, msitie moto. Nipelekeni kwanza mimi." Kaka akamwambia njia ni mbaya. Shangazi akajibu kwamba njia hiyo aliipita akiwa na mtungi kichwani kabla baba yetu hajaota meno.

Basi tukampeleka, na hapo ndipo kazi ilipogeuka. Sisi tulikuwa tunaona ukuta mmoja wa majani. Yeye alisimama, akanyoosha mkongojo na kuuliza, "Kuna mlimau pale?" Tukafyeka taratibu kuelekea pale, na mlimau ukaonekana. "Basi hapo palikuwa bafuni," akasema, maana maji ya kuogea ndiyo yaliyounywesha. Kutoka bafuni akahesabu hatua kwenda jikoni, tukachokora udongo kwa ncha ya panga, tukapata mafiga mawili. Hatukuona la tatu. Nyuma ya jiko kulikuwa na mstafeli uliokondeana kwa kukosa jua, na mpera uliozaa wajukuu kila upande. Mpaka wa shamba tuliutambua kwa minyaa iliyokuwa imerefuka kama nguzo. Hadi saa sita mchana tulikuwa na ramani ya nyumba nzima, nasi hatujafyeka hata robo eka.

Mkulima anayenisikiliza atanisamehe nikikaa kidogo kwenye mchungwa, kwa sababu ulinishangaza kuliko yote. Tuliupata magharibi ya nyumba, umefunikwa na mimea ya kutambaa, na ulikuwa na matunda ya aina mbili kwa wakati mmoja. Upande mmoja yalining'inia machungwa machache, madogo, yenye kutu kwenye ganda. Upande wa pili yalijaa malimau makubwa yenye ganda la mikunyanzi, katika matawi yenye miiba mirefu. Kijana mmoja tuliyemkodi alirudi nyuma akasema mti ule una jambo.

Jambo lake ni la kawaida kabisa. Machungwa ya Muheza aghalabu hayapandwi kwa mbegu. Mkulima huotesha mche wa mlimau, ambao una mizizi migumu isiyoogopa ukame, kisha hubebesha juu yake kijicho cha mchungwa alioupenda. Mche wa namna hiyo huanza kuzaa baada ya miaka mitatu au minne, wakati wa mbegu humngojesha mtu zaidi ya mara mbili ya hiyo. Lakini mlimau ulio chini haufi. Unaendelea kuchipua kutoka chini ya pale palipofungwa, na kazi ya mwenye shamba ni kuyavunja machipukizi hayo kila yanapotokea. Akiondoka, hakuna wa kuyavunja. Mlimau unapanda juu, unanyang'anya jua na chakula, na hatimaye unammeza mgeni aliyebebeshwa. Huu wetu ulikuwa katikati ya vita hivyo, na mchungwa ulikuwa unaelekea kushindwa. Shangazi alipapasa shina, akatuonyesha kovu la kiungo alilolifunga babu kwa mkono wake, kiasi cha shibiri moja na nusu kutoka ardhini.

Tulikata kwa msumeno machipukizi yote ya mlimau yaliyoanzia chini ya kovu lile, tukayakata yakiwa yamelingana na shina bila kuacha kisiki. Upande wa machungwa tulitoa matawi makavu tu, na kirukia kilichokuwa kimejishikiza juu kinafyonza. Mengine yatangoja mwakani. Gome lililokaa kivulini miaka mingi likipigwa na jua la ghafla huungua na kupasuka, ndiyo maana mti wa zamani haufai kuvuliwa nguo zote siku moja. Na moto wa kaka ungemaliza mjadala kabla haujaanza, kwa kuwa mchungwa una gome jembamba, na rundo la majani makavu likiwaka karibu na shina linaliua hata kama moto wenyewe haukupanda juu.

Sasa nije kwenye mwembe.

Siku ya tatu tulikuwa tumeufikia. Shina lake watu wawili hawalikumbati. Mchoma matofali alikuwa amekwisha kuja kuupima kwa macho. Mara tukasikia mtu anapiga hodi, hodi ya porini, na sauti ikauliza, "Nani anafyeka kwa mama yangu?"

Akatokea mzee wa miaka sitini na kitu, panga mkononi, anakaa ng'ambo ya kijito. Tukamwamkia, akaitikia marahaba, lakini hakuweka panga chini. Alisema mwembe ule aliupanda marehemu mama yake mwaka aliozaliwa yeye, na kitovu chake kimezikwa kwenye mizizi. Miaka yote ambayo sisi tulikuwa mijini, yeye na wanawe ndio waliokula maembe yale, na ndio waliofukuza wachoma mkaa mara mbili. Kaka akamjibu kwa adabu, ila kwa sauti ya mtu mwenye karatasi mfukoni, kwamba shamba ni la babu yetu na halmashauri ya kijiji imeturudishia. Yule mzee akasema yeye hajataja shamba, ametaja mwembe.

Wote tukamgeukia shangazi. Alikaa kimya muda mrefu, kisha akaanza kwa kumwita yule mzee kwa jina lake la utotoni.

Mama yake, alisema, alikuwa mjane. Mumewe alikuwa manamba, mmoja wa wale waliokuja kutoka mikoa ya mbali kukata mkonge, akafia kwenye mashamba hayo. Mama akabaki na mimba, hana nauli wala ndugu. Babu akampa kipande cha kulima na kibanda cha kukaa, kwa sharti moja linalojulikana pwani nzima: lima mahindi, lima muhogo, lakini usipande mazao ya kudumu. Mwenye kupanda mti amejipatia mizizi kwenye ardhi ya mwenzake, na kila mwenye shamba anaogopa hilo.

"Na mama yangu alipanda," mzee akasema.

"Alipanda," shangazi akajibu. "Baba aliuona unachipua. Akapita. Mwaka wa pili akauona tena, akapita. Hakusema neno."

Ndugu msikilizaji, nina stashahada ya uandishi wa habari na nimekwisha kukaa katika mahakama nyingi nikiandika, lakini sijapata kusikia ushahidi uliokamilika namna ile. Katika desturi za pwani yetu, mti na ardhi vinaweza kuwa na wenyewe wawili. Utakuta mnazi wa huyu katika kiwanja cha yule, na kila mmoja anajua mipaka yake. Kukaa kimya kwa babu ndiko kulikokuwa hati ya yule mama.

Sheria za nchi nazo zina yake juu ya mahame. Baada ya Operesheni Vijiji, watu wengi walikwenda mahakamani kudai mashamba ya zamani, na baadhi walishinda. Mwaka 1992 Bunge likapitisha sheria ya kufuta haki hizo za kimila. Baba mmoja na mwanawe kutoka Mbulu, Lohay Akonaay na Joseph Lohay, wakaipinga, na mwaka 1994 Mahakama ya Rufani, chini ya Jaji Mkuu Francis Nyalali, ilitamka kwamba haki ya kimila katika ardhi ni mali inayolindwa na Katiba. Halafu ikaja Sheria ya Ardhi ya Vijiji, namba 5 ya 1999, ambayo ilithibitisha ugawaji uliofanyika kati ya Januari 1970 na Desemba 1977. Maana yake, kama mahame ya baba yako aligawiwa mtu mwingine katika miaka ile, yamekwenda. Yetu hayakugawiwa mtu, yalibaki mikononi mwa kijiji, ndiyo sababu tulipoomba tulisikilizwa.

Nasi tunaotoka Tanga tumekwisha kuona mti unavyogeuka fedha. Bomba la mafuta ghafi la kutoka Hoima, Uganda, hadi Chongoleani lilipochorewa njia, wathamini walipita shamba kwa shamba, na waliopisha njia walilipwa kwa ardhi na pia kwa mazao na miti iliyosimama juu yake. Mtu aliyefyeka na kuchoma mwaka mmoja kabla alihesabiwa majivu. Simlaumu kaka kwa kuona laki mbili. Ninachomlaumu ni kumleta mnunuzi kabla ya kumleta shangazi.

Tulikwenda ofisi ya kijiji jioni ile ile. Ikaandikwa kwamba mwembe ni wa yule mzee na uzao wake, watachuma matunda na kupita kuufikia, hawataukata wala kupanda mwingine kando yake bila kuafikiana nasi. Na sisi hatutaukata wala kuuchomea moto shinani. Shangazi aliweka dole gumba. Mzee aliandika jina lake polepole, herufi moja moja. Mimi nilitia sahihi. Kaka alisema hana kalamu, nikampa yangu, akasema atasaini kesho. Kesho yake alikuwa amepanda basi la alfajiri. Mpaka ninapozungumza nanyi mstari wake uko wazi, na mchoma matofali amenipigia simu mara mbili kuuliza kama biashara ipo. Nimemwambia haipo. Sijui kaka amemwambia nini.

Shangazi aliniomba nimchumie kitu mchungwani kabla hatujaondoka. Nikamletea chungwa moja zuri kuliko yote. Akalimenya, akala pande moja, akatema mbegu kwenye kiganja na kusema ni lile lile. Mbegu akazifunga kwenye pindo la khanga. Nilimkumbusha kwamba machungwa hayapandwi kwa mbegu, kwamba kwa umri wake atangoja mno. Akaniuliza kama nimekwisha kuosha majivu mikononi, akaniambia nichume na malimau mawili ya samaki wa jioni.

Maembe yataiva Desemba. Nimemwahidi yule mzee kwamba nitakuwepo siku ya kuchuma. Hadi juma lijalo, ndugu msikilizaji, kwaheri.