Moshi Upimwe Gari Likiwa Barabarani
Mazungumzo kwa wakazi wa Mukuru kwa Reuben



Lori likitoka Eneo la Viwanda saa za msongamano, husimama, huondoka, husimama tena. Kila linapoondoka hutoa moshi mweusi, na mtoto anayekwenda shule kando ya barabara huuvuta. Huenda lori hilo lilipita ukaguzi. Basi moshi huo unatoka wapi?

Gari linalopimwa likiwa limesimama, bila mzigo wala mlima, si sawa na gari lililo kazini. Jambo hili lilidhihirika Marekani. Katika utafiti uliochapishwa mwaka wa 2014, watafiti wa Chuo Kikuu cha West Virginia walifunga vipimo kwenye magari ya dizeli ya Volkswagen wakayaendesha barabarani. Moja lilitoa oksidi za nitrojeni, gesi zinazochochea pumu, hadi mara 35 ya kiwango kilichoruhusiwa. Mwaka uliofuata kampuni ilikiri kuwa magari yapatayo milioni 11 duniani yalikuwa na programu ya kudanganya vipimo.

Tangu Septemba 2017, Umoja wa Ulaya hutaka aina mpya za magari zipimwe barabarani pia. Kifaa hufungwa nyuma ya gari na kuunganishwa na bomba la moshi. Husoma gesi kila sekunde, gari likipanda, likishuka au likikwama. Kifaa kingine hukaa kando ya barabara na kupitisha mwali wa mwanga ndani ya moshi wa gari linalopita.

Kenya ilipiga hatua. Tangu 2015 salfa katika dizeli ilishushwa hadi sehemu 50 kwa milioni, na Kanuni za Ubora wa Hewa za 2014 zilihusu pia moshi wa magari. Lakini mafuta safi hayawezi kuliokoa gari lililotolewa masega yakauzwa.

Kwa hivyo, wenye magari wasikubali fundi atoe masega. Wabadilishe filta ya hewa kwa wakati na wasipakie kupita kiasi. Madereva wa matatu wazime injini wanaposubiri abiria stejini. Mkazi anayeona gari likifuka moshi kila siku aandike namba yake, barabara na saa, kisha aripoti kwa ofisi ya mazingira ya Kaunti au NEMA.

Cheti cha ukaguzi hukaa ndani ya gari. Moshi huingia nyumbani.