Maji Yaliyofichwa: Nyasi Bandia Juu ya Udongo Mweusi wa Nairobi

Mada kwa semina ya mafundi wa bustani na viwanja vya nyumba



Niliombwa nizungumzie nyasi bandia kama tiba ya uwanja unaotuamisha maji. Nitangulize kwamba maoni haya ni yangu, si msimamo wa ofisi ninakofanyia kazi, na kwamba sitataja muuzaji wala mteja yeyote.

Maana za maneno nitazipitia upesi, kwa kuwa hapa hakuna mgeni wa kazi hii. Nyasi bandia ni zulia la nyuzi za plastiki lenye matundu ya kupitisha maji. Udongo ninaousema ni ule mweusi wa Lang'ata, Embakasi, Syokimau hadi Kitengela, ambao kiangazi hupasuka nyufa za kuingia mkono, na masika huvimba, hunata na kuziba. Mvua zetu ni za Machi hadi Mei, na za Oktoba hadi Desemba. Hayo tunayajua.

Langu hasa ni hili: nyasi bandia haziondoi maji. Muuzaji humimina jagi la maji juu ya kipande cha zulia, maji yakapotea, mteja akatoa pesa. Ni kweli zulia limepitisha. Lakini yamepita kwenda wapi?

Tupige hesabu. Mvua ya milimita 40 juu ya uwanja wa mita 100 za mraba ni lita 4,000. Udongo mweusi ukishashiba hunywa kama milimita moja kwa saa, mara nyingi pungufu. Basi mvua ya alasiri moja inahitaji saa 40 kuzama, na kesho yake nyingine inanyesha. Fundi hujibu kwamba ataweka kokoto sentimita 15 chini ya zulia. Nafasi zilizo kati ya kokoto ni kama asilimia 40, kwa hiyo tabaka hilo linabeba milimita 60. Linabeba, halitoi. Ukichimba shimo katika udongo wa mfinyanzi ukalijaza kokoto bila kulitobolea njia, umejenga beseni.

Nimelipigania jambo hili miaka mingi, na kilichonichosha zaidi ni jaribio la shimo linalofanywa wakati usiofaa. Shule moja ya chekechea ilitandaza nyasi mwezi wa Februari, ardhi ikiwa imepasuka. Fundi alichimba, akamwaga ndoo ya maji, yakazama papo hapo. Akaandika kwamba udongo unapitisha vizuri. Alichokuwa amekipima ni nyufa. Udongo wenyewe hakuupima. Aprili nyufa zikafunga. Nilipoitwa, zulia lilikuwa linabonyea kama godoro, na kila mtoto aliporuka, maji meusi yenye uvundo yalichuruzika pembeni. Tulipolifunua tukakuta kokoto zimezama kwenye tope, kwa sababu hapakuwa na kitambaa cha kuzitenga na udongo. Kiangazi kilipofuata, ile sehemu tuliyoiacha bila kuigusa ilifanya matuta na mabonde, kwa kuwa udongo huu hausinyai sawasawa. Shule ililipa mara mbili, na watoto walikaa muhula mzima bila pa kuchezea. Hilo bado linaniuma.

Kuna jambo ambalo wauzaji hawalisemi. Nyasi hai hunywa maji na kuyatoa hewani kila siku ya jua, na mizizi yake hufungua udongo. Plastiki haifanyi lolote kati ya hayo. Tunaondoa pampu ndogo iliyokuwapo, kisha tunashangaa kwamba uwanja haukauki. Tena juani zulia huweza kupita nyuzi joto 60, na watoto wetu hucheza pekupeku.

Mapendekezo.

Pa kutokea maji patafutwe kwanza. Kama hakuna mtaro wa umma, bonde, au tangi la chini lenye pampu, nyasi zisitandazwe. Kumwelekezea jirani maji si njia.

Jaribio la shimo lifanywe wakati wa masika. Kama mteja hawezi kungoja, shimo lijazwe maji kila siku kwa siku kadhaa mpaka nyufa zifunge, ndipo lipimwe.

Tuanze na paa. Paa la mita 150 za mraba, kwa mvua ile ile ya milimita 40, linashusha lita 6,000, zaidi ya zile za uwanja wenyewe. Nimeona viwanja vilivyopona kwa gata na tangi pekee, na zulia halikuhitajika tena.

Uwanja uinamishwe sentimita moja hadi mbili kwa kila mita, kuuacha msingi wa nyumba. Mitaro isichimbwe kugusa msingi, kwani maji yakisimama hapo udongo huvimba na ukuta hupasuka.

Chini ya zulia iwekwe kokoto safi, si murram. Murram ikishindiliwa huziba. Kitambaa cha kutenga kiwekwe kati ya kokoto na udongo, na bomba lenye matundu lilazwe sehemu ya chini kabisa, literemke hadi pa kutokea maji. Narudia: hadi pa kutokea. Nimefukua mabomba yaliyoishia ndani ya udongo.

Wala mtu asichanganye mchanga kidogo na udongo huu akidhani anaulainisha. Kiangazi atapata kitu kigumu kama tofali.

Gharama ya kuondoa maji iandikwe peke yake kwenye makadirio, isifichwe ndani ya bei ya zulia, kwa sababu mteja akiomba kupunguziwa, hiyo ndiyo hukatwa.

Na pale ambapo yote haya yametimizwa, mteja aulizwe tena kama bado anahitaji plastiki, maana uwanja uliokauka hukubali nyasi za Kikuyu, ambazo kwao ni nyanda zetu hizi za juu.

Kwa hiyo naomba jambo moja kwa kila fundi atakayetoka hapa leo: asipokee malipo ya kwanza kabla hajasimama na mwenye nyumba mahali ambapo maji yatatokea, wakapaona wote wawili.