Haki Isiyojulikana Haidaiwi

 

 

Tumetakiwa tuseme machache juu ya kufundisha historia ya ukoloni mashuleni, na juu ya madai ya kulipwa kwa dhulma zilizotendwa. Wapo wasemao: yaliyopita si ndwele, tugange yajayo. Twasema, methali hiyo inamfaa aliyekwisha kusamehewa deni lake. Haimfai ambaye deni lake halijapata hata kuhesabiwa.

Tuchukue Vita vya Majimaji. Vilianza Julai 1905 katika vilima vya Umatumbi, watu wa Nandete walipong'oa mipamba waliyolazimishwa kuilima. Vilipokwisha mwaka 1907, watu 75,000 walikuwa wamekufa kwa hesabu ya Wajerumani wenyewe, na hadi 300,000 kwa makisio ya wanahistoria. Wengi wao hawakuuawa na risasi. Waliuawa na njaa, kwa sababu jeshi la mkoloni lilichoma mashamba na maghala kwa makusudi. Leo mwulize kijana wa sekondari. Atakutajia sababu tano za vita na sababu tano za kushindwa, maana ndizo zinazoulizwa katika mtihani. Habari za maghala yale hana. Na asiyejua kilichochukuliwa atadai nini?

Ndugu zetu, fiqhi yetu ina mlango mzima wa ghasb, yaani kupora haki ya mtu kwa nguvu. Kilichoporwa kikiwepo, kinarudishwa chenyewe. Kikiwa kimeangamia, unalipwa mfano wake au thamani yake. Urefu wa muda hauhalalishi kitu. Na toba ya anayemdhulumu mwenziwe ina masharti manne: kuacha, kujuta, kuazimia kutorudia, na kurejesha haki kwa mwenyewe.

Tupime kwa mizani hiyo. Tarehe 27 Februari 1906, viongozi na wapiganaji wa Kingoni zaidi ya 60 walinyongwa mjini Songea. Nduna Songea Mbano naye aliuawa, na kizazi chake kinasema kwamba kichwa chake kilipelekwa Ujerumani. Tarehe 1 Novemba 2023, Rais wa Ujerumani, Frank-Walter Steinmeier, alisimama Songea akaomba msamaha, akaahidi ushirikiano katika kuyatafuta mabaki hayo. Hayo ni majuto, nasi hatuyadharau. Sharti la nne bado. Na huko Berlin yamesimama mifupa ya mnyama mkubwa wa kale, takriban mita 13 kwenda juu, iliyochimbuliwa Tendaguru, mkoani Lindi, kati ya mwaka 1909 na 1913, na kubebwa na wapagazi wetu hadi bandarini. Hicho hakijaangamia. Kipo, na watu wanalipa kiingilio kukitazama.

Atauliza mtu: Mjerumani wa leo ana kosa gani? Hana dhambi ya babu yake. Hakuna nafsi ibebayo mzigo wa nyingine. Lakini mirathi haigawanywi kabla ya deni la marehemu kulipwa. Mrithi halaumiwi kwa deni. Hulaumiwa akila mirathi na kulikataa deni.

Wala tusidhani kwamba haya ni ndoto. Mwaka 2013 serikali ya Uingereza ilikubali kuwalipa wazee 5,228 wa Kenya walioteswa wakati wa Mau Mau jumla ya pauni milioni 19.9. Walilipwa baada ya kwenda mahakamani London na ushahidi wa vinywa vyao, na baada ya kufichuliwa majalada yaliyokuwa yamefichwa huko Uingereza. Ilimu ndiyo iliyowafungulia mlango.

Sasa tufike panapotuuma. Aya ya 135 ya Suratun-Nisaa inatuamrisha kusimamia uadilifu na kutoa ushahidi japokuwa ni dhidi ya nafsi zetu, wazazi na jamaa zetu. Soko la watumwa la Unguja lilifungwa mwaka 1873. Misafara iliyoteremka Kilwa na Bagamoyo, mingi iliongozwa na watu waliosali kama tusalivyo sisi. Na maakida waliosimamia kodi na mashamba ya pamba kwa niaba ya Wajerumani, wengi walikuwa Waislamu wa pwani. Tunakiri mbele yenu: kwa miaka mingi somo hilo tulilipita mbio darasani, tukaona haya. Mwanafunzi mmoja akatuuliza, "Ustadh, mbona hapa umeruka?" Hatukuwa na jibu. Anayedai haki kwa Berlin na kuificha ya jirani yake hadai haki, anadai ushindi.

Kwa hiyo tunausia mambo matatu. Kwanza, somo la Historia ya Tanzania na Maadili lililokuja na mtaala mpya tusilifanye la kukariri. Pili, vijana watumwe kwa wazee kuandika majina na masimulizi kabla wazee hawajaondoka. Tatu, mwalimu aanze na dhulma ya watu wake, ndipo ataaminiwa atakapotaja ya wengine.

Mwenyezi Mungu atujaalie tuwe mashahidi wa kweli.