MASHINE YENYE KUELEZA SABABU: UTAFITI WA UZAMIVU NA UFADHILI WAKE



Mazungumzo haya yanahusu fani ya elimu ambayo jina lake linatisha kuliko yaliyomo ndani yake, nayo ni uchimbuaji wa data na ufundishaji wa mashine kwa njia zenye kufahamika. Kuchimbua data ni kupekua kumbukumbu nyingi, mfano wa mafaili ya hospitali, ili kutoa humo mwenendo usioonekana kwa macho. Kuifundisha mashine ni kuipa kompyuta kumbukumbu hizo ijitungie yenyewe kanuni za kukisia mambo, bila ya kuandikiwa na mtu. Ama maneno "zenye kufahamika", hapo ndipo penye uzito.

Katikati ya miaka ya 1990, nchini Marekani, watafiti walizifanyia kazi kumbukumbu za wagonjwa 14,199 wa homa ya mapafu. Kusudio lilikuwa kumjua aliyemo hatarini ili alazwe, na mwenye nafuu ili atibiwe akiwa kwake. Miongoni mwao alikuwamo Rich Caruana, wakati huo mwanafunzi wa uzamivu katika Chuo Kikuu cha Carnegie Mellon, mjini Pittsburgh. Mashine aliyoifundisha yeye, ya aina iitwayo mtandao wa neva, ilikuwa na usahihi mkubwa. Lakini ilikuwa sanduku lililofungwa: ilitoa jibu, haikutoa sababu.

Mwenzake aliifundisha mashine ya aina nyengine, isiyofikia usahihi ule, ila iliyoziandika kanuni zake waziwazi. Ndani ya kanuni hizo ilikutwa moja ya ajabu: kwamba mgonjwa wa homa ya mapafu mwenye pumu hatari yake ya kufa ni ndogo kuliko asiyekuwa nayo. Daktari yeyote, na hata mzazi aliyewahi kukesha na mtoto mwenye pumu, anajua kuwa mambo ni kinyume chake. Hata hivyo mashine haikusema uongo, kwani kumbukumbu ndivyo zilivyoonesha. Wenye pumu walipofika hospitali walikuwa wakipelekwa moja kwa moja kwenye chumba cha wagonjwa mahututi, wakahudumiwa kwa hima, na kwa hivyo wakapona kwa wingi zaidi. Mashine iliona kupona. Haikufahamu kuwa matibabu ndiyo yaliyowaponya. Lau ingeliaminiwa, ingeliwarejesha majumbani watu wale wale waliokuwa wakiokolewa kwa kulazwa.

Mtandao wa neva ulisoma kumbukumbu hizo hizo, ila haukuweza kusema umejifunza nini. Kosa la pumu lingeliweza kurekebishwa, kwa kuwa limeonekana. Je, yale ambayo hakuna aliyeyaona? Kwa ajili hiyo Caruana alishauri mashine yake mwenyewe isitumiwe kwa wagonjwa. Si wanafunzi wengi wenye ujasiri wa kuikataa kazi yao iliyoshinda.

Suluhisho lilichukua miaka, na sehemu yake ilitokana tena na mwanafunzi wa uzamivu, Yin Lou wa Chuo Kikuu cha Cornell. Yeye na Caruana na wenzao walitengeneza njia ambayo kila jambo, likiwa umri, likiwa pumu, lina mchoro wake peke yake unaoonesha limeongeza au limepunguza hatari kwa kiasi gani. Mwaka 2015 walizirejea kumbukumbu zile za homa ya mapafu. Pumu ilijitokeza, na pamoja nayo maradhi ya moyo na maumivu ya kifua, yote yakionekana kupunguza hatari. Mchoro wenye kosa uliweza kusahihishwa bila ya kuivunja mashine nzima, na usahihi haukuwa chini ya ule wa mashine zilizofungika.

Sheria nazo zimefuata. Kanuni ya Umoja wa Ulaya ya kulinda taarifa za watu, iliyopitishwa mwaka 2016 na kuanza kutumika tarehe 25 Mei 2018, inamtaka anayeamua mambo ya watu kwa mashine peke yake awape maelezo yenye maana juu ya namna inavyoamua.

Fedha za utafiti huu zipo. Mradi wa NL4XAI, ulioanza mwaka 2019 chini ya mpango wa Marie Skłodowska-Curie wa Umoja wa Ulaya na kuongozwa na Chuo Kikuu cha Santiago de Compostela, Hispania, uliajiri watafiti 11 wa uzamivu wa kuifundisha mashine ijieleze kwa lugha ya watu. Chini ya mpango huo mtafiti ni mwajiriwa mwenye mkataba na mshahara. Raia wa nchi yoyote huomba, na umri si kizuizi. Hapa Zanzibar, kampasi ya IIT Madras iliyofunguliwa Bweleo mwaka 2023 inasomesha sayansi ya data hadi shahada ya uzamili, nayo ni ngazi ya kupandia. Muuguzi au mtunza takwimu asijione mgeni: kosa la pumu linatambuliwa na anayemjua mgonjwa kabla ya anayeijua kompyuta, ingawa hisabati ya takwimu na uandishi wa programu havikwepeki.

Nafasi hutangazwa kwenye tovuti ya EURAXESS. Mwombaji asiwe tayari na shahada ya uzamivu, wala asiwe ameishi au kufanya kazi katika nchi inayomwajiri kwa zaidi ya miezi 12 ndani ya miezi 36 iliyotangulia kuajiriwa kwake.