Mutoto akisema "siendi tena masomo"



Leo hatukuje kusema juu ya maji wala umeme. Tunasema juu ya uwanja wa masomo, saa ya rekreasyo, wakati mwalimu hayuko karibu.

Tangu mwaka wa 2022, familia nyingi za Rutshuru, kisha za Masisi, zilikimbia vita na kufika Goma. Watoto wao waliingia katika masomo yetu. Binti mmoja wa mwaka wa sita wa primeri alituambia namna wenzake walikuwa wanamuita "deplase" mupaka jina lake la kweli likasahauliwa. Hakuwa na yunifomu ya buluu na nyeupe. Akikaa kwenye banki, wengine waliziba pua. Alivumilia miezi miwili, kisha akaacha. Mama yake alienda kumuona direkta. Jibu: "Mama, ni michezo ya batoto, itapita." Baba mudogo naye akamwambia: "Na wewe uwapige."

Vumilia ao piga: njo majibu tunayoyajua sisi wote. Na wakubwa wanaendelea na kazi zao.

Lakini lile neno, watoto walilitoa wapi? Walilisikia nyumbani, wakati tunasema bei ya makala ilipanda juu ya watu wa kambi. Walilisikia kwetu. Na sisi tuliopita yunivasiti, tukumbuke namna tulivyowapigisha "mableu" magoti huku tunacheka, eti ni desturi!

Wengine watasema: afukuzwe yule anayechekelea wenzake. Hapana, hatukubali. Mara nyingi naye anapigwa kwao. Ukimufukuza ataenda barabarani, na muko munajua hapa kwetu ni nani wanaotafuta watoto wa kubeba silaha.

Sheria iko. Ile namba 09/001 ya tarehe 10 Januari 2009 inamulinda kila mutoto, ni kusema kila mutu asiyefikisha miaka 18. Lakini tangu primeri ilipofanywa ya bure mwaka wa 2019, madarasa yalijaa, na mwalimu mumoja, na ule mushahara tunaoujua, hawezi kuona yote. Hatutamubebesha yeye peke yake.

Tunaomba kila masomo ichague mwalimu mumoja, mwanamuke kama inawezekana, mutoto anayeweza kumufikia bila kupitia kwa direkta. Komite ya wazazi nayo isikilize kesi hizi sawa vile inasikiliza mambo ya pesa. Inakutana kila mara juu ya pesa, tunaiona.

Na sisi? Jumatatu asubuhi tutamusindikiza yule binti, pamoja na mama yake, mupaka kwenye mulango wa darasa. Tulikwisha kuongea na mwalimu wake, anamungojea. Yunifomu tu njo inakosekana: mwenye kuwa nayo, ya mutoto wa miaka 12, ailete kesho.