Hazina ya Pensheni na Mkono wa Mwajiri

Mada kwa semina ya wadhamini wa mipango ya pensheni na maafisa wa rasilimali watu



Nimeombwa nieleze namna kampuni inavyoweza kuendesha mpango wa pensheni wa wafanyakazi wake ukazifaa pande zote mbili. Msimamo wangu nauweka wazi mapema. Mpango unaozifaa pande zote mbili ni ule ambao mwajiri anauchangia kwa moyo mkunjufu, kisha anautoa mkono wake humo. Fedha zikishatoka kwa mhasibu wa kampuni na kuingia kwenye mpango, si za kampuni tena. Ni mshahara ambao mfanyakazi amekwisha kuutolea jasho, ila amekubali kuupokea uzeeni. Makosa mengi yanayofanywa katika mipango hii yanaanzia pale jambo hilo linaposahauliwa.

Robert Maxwell, mmiliki wa magazeti ya Mirror kule Uingereza, alifariki Novemba 1991 baada ya kuanguka baharini kutoka kwenye meli yake ya starehe. Wiki chache baadaye ikabainika kwamba zaidi ya pauni milioni 400 za pensheni za wafanyakazi wake zilikuwa zimechotwa ili kuyaokoa makampuni yake yaliyoelemewa na madeni. Miaka kumi baadaye, kampuni ya Enron ya Marekani ilifilisika Desemba 2001. Pale hakuna aliyevunja kasha usiku. Zaidi ya nusu ya akiba ya uzeeni ya wafanyakazi ilikuwa imewekwa kwenye hisa za Enron yenyewe, na hisa iliyokuwa ikiuzwa dola 90 hivi mwaka 2000 ikaporomoka hadi chini ya dola moja. Mfanyakazi akapoteza kazi na akiba ya uzee kwa pigo moja. Ninavyoona mimi, kisa cha Enron kinapaswa kututia hofu zaidi kuliko cha Maxwell, kwa sababu kilitokea wakubwa wakiwasifia wafanyakazi wao kwa uaminifu kwa kampuni.

Hapa Kenya sheria ya malipo ya kustaafu ilipitishwa mwaka 1997, ikaunda mamlaka ya usimamizi tunayoijua kama RBA. Kabla ya hapo, mwajiri angeweza kuishika akiba ya wafanyakazi pamoja na fedha za biashara yake, na kampuni ikianguka wazee wanapanga foleni na wadai wengine. Sheria ikaweka kuta. Mpango lazima uwe amana inayojitegemea. Wadhamini ndio wenye dhamana ya kuamua. Meneja wa uwekezaji anapendekeza na kutekeleza, lakini hazishiki fedha kwa mkono wake. Benki inayotunza mali ndiyo inayozishika, na haiamui ziende wapi. Msimamizi wa mpango anaandika hesabu ya kila mwanachama. Katika mpango wa michango, nusu ya wadhamini au zaidi huteuliwa na wanachama wenyewe. Mtu akilalamika kwamba ofisi hizi nne zina gharama na urasimu, naelewa, lakini kila moja imewekwa ili iwe shahidi wa mwenzake.

Sheria hiyo hiyo inakataza fedha za mpango kukopeshwa mtu yeyote, moja kwa moja au kwa njia ya mzunguko. Katazo hili nalitaja kwa mkazo kwa sababu ndilo linalojaribiwa zaidi. Mwezi ukiwa mgumu, mkurugenzi wa fedha haji kwa wadhamini kuomba mkopo. Anachofanya ni kukata mchango kwenye mshahara wa mfanyakazi, kuuandika kwenye hati ya mshahara, kisha kutoupeleka. Huo ni mkopo, na umechukuliwa bila mwenyewe kuulizwa. Niliwahi kukaa na taarifa ya mwaka ya mwanachama mmoja, fundi wa mitambo. Nilipolinganisha taarifa ile na hati zake za mshahara, miezi minne ilikuwa imekatwa na haikuonekana kwenye hesabu ya mpango. Michango ile ilikuja kuletwa baadaye, yote. Kilicholetwa ni mchango mtupu. Faida ambayo ingepatikana katika miezi ile haikuwamo, na wadhamini wakaona haya kuidai. Mdhamini anayeona haya kudai riba ya kuchelewesha anatoa zawadi kwa mali isiyo yake.

Mwajiri naye anapoteza hapo. Habari za michango kutopelekwa husambaa kantini kabla hazijafika kwenye bodi, na kuanzia siku hiyo, kila kampuni inapotangaza jambo jema, wafanyakazi hulisikiliza kwa shaka.

Mali ya mpango iwe ya aina gani? Mipaka ya RBA inaruhusu hadi asilimia 90 kwenye dhamana za serikali, asilimia 70 kwenye hisa zilizoorodheshwa sokoni, asilimia 30 kwenye ardhi na majengo, na asilimia 15 nje ya nchi. Mipaka ni dari tu, na mdhamini halazimiki kuigusa. Ninachoomba kitazamwe kwa makini ni ardhi, kwa kuwa sisi Wakenya tunaipenda mno. Shirika la Reli lilipokabidhi huduma zake kwa kampuni binafsi mwaka 2006, mpango wa pensheni wa wafanyakazi wake ulipewa ardhi na nyumba, zikiwemo za Muthurwa na Makongeni jijini Nairobi, badala ya fedha taslimu. Kwenye karatasi mpango ule ulikuwa tajiri. Lakini mstaafu halipwi kwa hati miliki. Anahitaji fedha kila mwezi, na kuuza mtaa wenye wapangaji na kesi mahakamani ni kazi ya miaka. Wazee wakasubiri haki yao huku wakiambiwa kwamba mpango wao una mali ya mabilioni. Kila mara pendekezo la kununua kiwanja linapoletwa mezani, swali la kwanza liwe: mwaka ule ambao wanachama wengi watastaafu, tutawalipa na nini?

Sasa nije kwenye mabadiliko makubwa yaliyotokea kimya kimya. Zamani makampuni mengi yaliahidi pensheni inayolingana na miaka ya utumishi na mshahara wa mwisho. Soko likianguka, au wastaafu wakiishi muda mrefu kuliko ilivyokadiriwa, pengo lilizibwa na mwajiri, na kila baada ya miaka mitatu aktuaria, mtaalamu wa hesabu za pensheni, alimwonyesha ukubwa wa deni lake. Waajiri wengi wamehamia mpango wa michango: kila upande unachangia asilimia fulani, na mstaafu anapata kilichokusanyika pamoja na faida yake. Kwa kampuni huu ni unafuu wa kweli. Gharama inajulikana, na mizania haina tena deni linalobadilika kila aktuaria anapopita. Siwalaumu. Ila hatari ile haikutoweka, ilihamishwa kutoka kwa mkurugenzi wa fedha hadi kwa mfanyakazi ambaye mara nyingi hakuambiwa kwamba ameipokea. Mwajiri aliyejitua mzigo huo ana deni la kumfundisha mfanyakazi namna ya kuubeba.

Jambo la kwanza ni ada. Mtu akichangia shilingi 10,000 kila mwezi kwa miaka 30, na akiba ikazaa asilimia 9 kwa mwaka, atamaliza na takriban shilingi milioni 18.3. Ikizaa asilimia 8 atamaliza na milioni 14.9. Asilimia moja imemgharimu milioni 3.4. Asilimia hiyo moja inaweza kupotelea kwenye ada za meneja, msimamizi, mshauri na semina za hotelini kama hii yetu. Wadhamini wengi wanajua mapato ya mwaka ya mpango wao kwa kichwa, lakini ukiwauliza jumla ya gharama zote ni asilimia ngapi ya mali, wanamtazama msimamizi. Naomba swali hilo liwe na jibu kabla ya mkutano mkuu ujao wa wanachama.

La pili ni kuchota mapema. Kijana wa miaka 30 anaacha kazi akiwa na shilingi 400,000 kwenye mpango, na anataka kuchukua kila anachoruhusiwa ili anunue pikipiki au alipe karo. Shida yake ni ya kweli na sitaibeza. Lakini 400,000 zilizoachwa miaka 30 kwa asilimia 9 zinakaribia milioni 5.3. Hata ukitoa kupanda kwa bei, hiyo ni tofauti kati ya mzee anayejitegemea na anayetegemea watoto. Afisa wa rasilimali watu anayempa kijana huyo fomu ya kutoa fedha bila kumwonyesha hesabu hiyo, na bila kumweleza kwamba anaweza kuihamishia akiba yake kwenye mpango wa mwajiri mpya, hajamtendea haki.

La tatu ni kiwango chenyewe cha mchango. Wachumi Richard Thaler na Shlomo Benartzi walichapisha mwaka 2004 matokeo ya jaribio katika kampuni moja ya Marekani. Wafanyakazi hawakuombwa kuongeza akiba mara moja. Waliombwa kukubali kwamba kila watakapopandishiwa mshahara, sehemu ya nyongeza iende kwenye akiba. Katika miezi 40 wastani wa akiba yao ulipanda kutoka asilimia 3.5 hadi 13.6 ya mshahara. Hakuna aliyeona mshahara wake ukipungua. Jambo hili linawezekana hapa bila sheria mpya: linahitaji kipengele kimoja kwenye kanuni za mpango na mazungumzo ya kweli na chama cha wafanyakazi. Serikali imefungua nafasi, kwa kuwa tangu Desemba 2024 mchango usiotozwa kodi umepanda kutoka shilingi 20,000 hadi 30,000 kwa mwezi.

Halafu kuna NSSF, mfuko wa taifa wa hifadhi ya jamii. Sheria ya mwaka 2013, iliyoanza kutekelezwa Februari 2023, inataka asilimia 6 kutoka kwa mfanyakazi na asilimia 6 kutoka kwa mwajiri, hadi kiwango cha mshahara kinachopanda mwaka hadi mwaka: 18,000 mwaka 2023, 36,000 mwaka 2024, 72,000 mwaka 2025. Sehemu ya kwanza ya mchango lazima iende NSSF. Ya pili, mwajiri anaweza kuomba RBA imruhusu aipeleke kwenye mpango wake. Baadhi ya makampuni yameona mzigo unakuwa mara mbili, yakapunguza mchango wa mpango wa kampuni bila kuwaeleza wafanyakazi. Ushauri wangu ni kwamba uamuzi huo usifanywe na idara ya fedha peke yake. Mpango wenye gharama ndogo na rekodi nzuri unaweza kuipokea sehemu ya pili kwa faida ya wanachama. Mpango mdogo wenye wanachama wachache na ada kubwa huenda ukawaumiza, na kwa mpango wa namna hiyo, kujiunga na mpango wa pamoja wa waajiri wengi ni busara, hata kama wadhamini watapoteza viti vyao.

Jambo moja nataka kulikalia kidogo, nalo ni fomu ya kuteua warithi. Kisheria, mafao ya mwanachama aliyefariki si sehemu ya mirathi yake. Wadhamini ndio wanaolipa, kwa kufuata kanuni za mpango na jina lililoteuliwa. Nimeketi kwenye kikao tukiwa na faili la marehemu mezani. Fomu ilijazwa wiki aliyoajiriwa, alipokuwa kijana asiye na mke. Jina lililoandikwa, kwa kalamu ya wino wa buluu uliopauka, lilikuwa la mama yake, na mama alikuwa amemtangulia. Kwenye benchi nje ya mlango walikuwa mjane na watoto wawili, na upande wa pili kaka wa marehemu na wakili. Hakuna uamuzi uliowezekana siku ile ambao ungeiacha familia ile ikiwa moja. Haya yote yangezuiwa kwa karatasi moja kujazwa upya. Ndoa, talaka, mtoto, msiba: kila moja iwe sababu ya fomu mpya. Makampuni huwakumbusha wafanyakazi kila mwaka kuhusu bima ya matibabu, basi na fomu hii isafiri kwenye bahasha hiyo hiyo.

Kampuni inapata nini kwa taabu yote hii? Inapata fundi mzoefu anayebaki hata jirani akimwahidi nyongeza kidogo, kwa kuwa anajua akiba yake inakua mahali salama. Inapata pia wazee wanaoondoka kwa heshima umri ukifika, bila kung'ang'ania kazi kwa hofu ya njaa, na vijana wakapanda nafasi zao. Yeyote aliyewahi kusimamia kiwanda anajua gharama ya idara ambayo hakuna anayethubutu kustaafu humo.

Kwa sababu hiyo naomba kazi ya vikundi vya alasiri ianze na orodha ya wanachama wenye umri wa miaka 50 na zaidi katika kila mpango. Kwa kila mmoja tujue amekusanya kiasi gani. Kama mpango ni wa kulipa pensheni ya kila mwezi, tujue iwapo anaelewa kwamba theluthi moja tu ndiyo atakayoichukua kwa mkupuo na iliyobaki itamlipa kidogo kidogo. Na tujue iwapo ameanza kuweka akiba ya matibabu ya uzeeni, ambayo tangu Desemba 2024 haitozwi kodi hadi shilingi 15,000 kwa mwezi. Msimamizi wa mpango anazo takwimu za akiba hizo, na anaweza kuzitoa wiki hii mdhamini akimwandikia kuziomba.