Hotuba ya Mwenyekiti: Hisa Zetu Ziko Baharini

 

Leo chama chetu kimetimiza miaka kumi. Tulianza wanawake 15 chini ya mkungu. Tumejenga, tumesomesha, tumezikana. Hayo mtayasoma kurasa nyingine. Hapa tunataka kusema lile tulilochelewa kulisema.

Ndugu zetu, hapa kwetu Kilwa wengi tunarudisha mkopo kwa samaki. Samaki akipungua, sanduku nalo linapungua. Mwaka wa nne marejesho yalikwama, tukagombana, tukaitana wezi. Kumbe mwizi ni sisi wenyewe! Fedha za chama tulikopeshana kununua majuya ya macho madogo. Juya likikokotwa linang'oa majani ya bahari, linazoa changu na tasi wachanga kama kidole. Nasi tukawakaanga, tukawauza kwa mafungu. Mchuma janga hula na wa kwao.

Juya limekatazwa. Sheria ya Uvuvi ya mwaka 2003 inakataza pia baruti na sumu. Baruti inaua mkubwa na mdogo, na tumbawe likivunjika huchukua miaka mingi kuota tena. Mwaka 1998 maji yalipopata joto kali, matumbawe mengi ya pwani yetu yaligeuka meupe yakafa. Haya yaliyobaki tukiyalipua, tutavua wapi?

Basi mkutano uliamua: hakuna tena mkopo wa juya. Wenzetu sita walijitoa. Mmoja aliuliza, "Sasa wanangu wale nini?" Siku ile hatukuwa na jibu, na swali lilikuwa la haki. Baadaye tulitoa mkopo usio na riba wa kununua nyavu halali. Wanne walirudi.

Tena tulikubaliana na wazee kufunga mwamba mmoja miezi mitatu, kama walivyofanya wenzetu wa Kisiwa Panza kule Pemba. Pweza haishi sana, ni kama mwaka mmoja na kidogo. Jike hutaga mara moja, hulinda mayai mpaka yaanguliwe, halafu hufa. Ukimchokoa mapema umechukua na kizazi chake. Kanuni inataka asipungue nusu kilo. Bamvua la kufungua mwamba tulitoka na pweza wa kilo mbili, hata tatu.

Ndugu mgeni rasmi, ombi letu doria zifike na huku. Wanachama, tusinunue samaki mchanga hata akiwa bei rahisi, maana mvuvi huvua kile anachojua kitanunuliwa. Na wale wenzetu wawili ambao hawajarudi, mlango uko wazi, nafasi zenu tumeziweka.